Chausiku Aliyetumwa Kuuliza

Vijana wa siku hizi wakisikia kwamba wakati wa Mjerumani kijijini kwetu kulikuwa na uchaguzi, hucheka. Wanadhani kuchagua ni jambo lililokuja na masanduku na karatasi. Mimi huwaacha wacheke kwanza, kisha nawasimulia habari za Bibi Chausiku, na bado sijamwona aliyefika mwisho akiwa anacheka.

Chausiku alikuwa mfinyanzi. Kijiji chetu, Kidunde, kiko upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, mahali ambapo mvua haijui kupumzika. Udongo wa vyungu ulichimbwa kwenye kijito chini ya migomba, na kazi hiyo ilikuwa ya wanawake watupu. Mwanamume akisogea aliambiwa aondoke asije akavipasua vyungu motoni. Chausiku alifinyanga, akachoma, akapanga vyungu kwenye tenga na majani makavu ya mgomba katikati yake, akajitwika, akaenda. Alifika Mkuyuni, alifika Kinole, na mara mbili tatu kwa mwaka alivuka mlima mpaka mjini Morogoro. Hakuwa mtu wa kubembeleza mteja. Ukikigonga chungu chake kwa kidole zaidi ya mara mbili alikunyang'anya na kukirudisha kwenye tenga.

Alizaa watoto watano. Ndui iliwachukua watatu kwa msimu mmoja, na wa nne aliondoka na homa. Akabaki na Abasi. Anayetaka kumwelewa Chausiku aanze hapo, maana yeye mwenyewe kila alichofanya alianzia hapo.

Masika ya mwaka wa elfu moja mia tisa kumi na mbili, jumbe wa Kidunde alikufa kwa kichomi. Alikuwa kaka yake Chausiku, mzee mpole, mvivu kidogo. Kilio kilikuwa kikubwa, lakini chini ya kilio kulikuwa na hofu, na kila mtu aliijua. Jumbe ndiye aliyekuwa mkono wa serikali kijijini. Akida akihitaji watu wa kulima pamba ya Wazungu, au wa kubeba mizigo, au wa kuvunja mawe ya barabara, hakuja kuwatafuta mwenyewe. Alimwambia jumbe nataka watu kadhaa, na jumbe alitaja majina. Aliyetajwa alikwenda. Wengine walirudi wakiwa wazima, wengine walirudi wakikohoa damu, na wengine hawakurudi.

Sisi Waluguru hurithi upande wa mama. Kigoda cha mjomba hukaliwa na mpwa wake, na wanaosema ni mpwa yupi ni akina mama wa ukoo. Hujifungia ndani ya nyumba moja, wanaume wakingoja nje na midomo yao imefungwa, jambo ambalo kwa wanaume wa kwetu ni adhabu ya kutosha. Akida wetu, mtu wa pwani mwenye kanzu isiyoshika tope hata mwezi wa nne, aliijua desturi hiyo. Hakutaka watu wakimbilie msituni na kumwachia vibanda vitupu. Akatuma neno: leteni jina moja kabla mwezi mwingine haujaandama, msipoleta, nitaleta la kwangu.

Wapwa waliofaa kwa umri walikuwa wawili, Pazi na Ahmadi, watoto wa dada zake Chausiku waliotangulia mbele ya haki. Na hapa ndipo penye shida ambayo mila zetu zimejitengenezea zenyewe. Mwanamume wa kwetu akioa huhamia kwa mkewe. Ukoo unamtoa akiwa kijana ambaye bado anapigana kwa ajili ya mihogo, na unamrudisha akiwa mtu mzima wa kukalia kigoda, na miaka yote ya katikati ameishi machoni pa watu wengine. Pazi alikuwa Lukombe, mwendo wa siku nzima kwa miguu. Ahmadi alikuwa mjini. Pale Kidunde hakuna aliyejua hata mmoja wao anapenda ugali wa namna gani.

Wote wawili walikuja mazikoni. Pazi alilia mpaka akashikwa mabega, akachimba kaburi bila kupokewa jembe, akawasalimia vikongwe wote mmoja mmoja kwa majina. Ahmadi alichelewa, akasema pole, akakaa kimya, na kesho yake akarudi kazini. Kama uamuzi ungetolewa siku ile, ungechukua muda wa kumeza mate. Lakini bibi yangu, Mwaisha, aliyekuwa binamu yake Chausiku na mwenye ulimi wa pilipili, aliwaambia wenzake, "Tusichague machozi. Kila mtu analia." Wakakubaliana atumwe mtu kwenda kuwachunguza hao wawili walikokuwa wakiishi, kimyakimya, bila wenyewe kujua. Na mtu anayeweza kuingia kila ua bila kuulizwa amefuata nini ni mwuza vyungu.

Niseme mapema kwamba kwa mila zetu mimi si wa ukoo huo. Mwaisha alimzaa baba yangu, nami ni wa ukoo wa mama yangu. Ndiyo maana naweza kuwasema bila kuitwa na wazee.

Kabla ya kuondoka, Chausiku alikutana na bibi yangu kijitoni wakichimba udongo. Abasi wakati huo alikuwa na miaka kama kumi na minne. Chausiku alisema neno moja ambalo bibi yangu hakulisahau: "Ninyi mnatafuta jumbe. Mimi namtafuta mtu atakayeniachia mwanangu." Halafu akarudi kuchimba.

Alianza na mjini. Alivuka mlima, akashukia njia ya Morogoro, akapitisha vyungu vyake Mwembesongo nyumba kwa nyumba. Alikuwa hodari wa kuuliza bila kuuliza. Alisifu mtoto, akalalamikia bei ya chumvi, kisha katikati ya mambo hayo akatupia kwamba amesikia kuna Mluguru mwenzake anashika mizani kwenye duka la Kanubhai. Waliomjua Ahmadi hawakuwa na habari tamu. Mkono wa birika, walisema. Ndugu wa mkewe wakija hapewi mtu zaidi ya siku tatu za kula. Hasalimii mpaka asalimiwe. Mbishi. Msikitini aliwahi kubishana na mwalimu juu ya zamu ya kufagia.

Mwisho akaenda dukani kwenyewe, akamwuzia Kanubhai vyungu viwili vya maji. Kanubhai alikuwa mfanyabiashara wa ngozi, mpunga na mpira wa msituni, mtu wa haraka lakini si mbaya. Ahmadi alikuwa ametumwa stesheni. Chausiku akauliza kama yule mtu wa mizani ni mwaminifu. Kanubhai akasema mwaminifu sana, hata anamchosha. Akamweleza kwamba mwaka uliopita waliingia askari wawili wakitaka kuchukua magunia ya mpunga bila barua. Ahmadi alisimama mlangoni, akawaambia bila barua hautoki mpunga. Wakampeleka bomani akachapwa viboko ishirini na tano. Baada ya wiki moja wakarudi tena bila barua, na mgongo bado haujapona, Ahmadi akasimama mlangoni palepale.

"Mimi nilimwambia awape tu," Kanubhai alisema. "Hasikii. Huyo mtu hajui kusema ndiyo."

Chausiku alishukuru akajitwika tenga. Habari aliyokuwa ameitafuta alikuwa ameipata, tena kwa mtu aliyeiona kwa macho na asiye na sababu ya kumdanganya. Tatizo ni jinsi alivyoipima. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeisha miaka mitano tu nyuma, na kila mtu wa umri wake aliwahi kuona moshi wa vijiji vilivyosema hapana. Yeye akafikiri hivi: mtu anayechapwa viboko kwa ajili ya mpunga wa Mhindi, akipewa kigoda atatuletea viboko sote. Mimi nimelifikiria jambo hilo miaka mingi na bado siwezi kumlaumu, ingawa nimejaribu, maana ni rahisi kuishi ukiwa na wa kumlaumu.

Akaenda Lukombe. Huko alipokewa vizuri mno. Mama mkwe wa Pazi alinunua chungu bila hata kukigonga, akamkalisha, akampa uji. Akasema hajapata kuona mkwe kama huyu. Ukimwambia kata kuni, anakata. Ukimwambia nenda mahali fulani, ameshakwenda. Tangu aje hapa, alisema, hajapata kumkatalia mtu neno lolote. Majirani walisema vilevile. Hata waliokuwa na nyuso za wasiwasi walisema vilevile, ila wao walisema haraka haraka. Chausiku aliona haraka yao akadhani wana kazi shambani.

Mtu wa mwisho aliyempata Lukombe alikuwa Benedikto, mzee msusi wa mikeka aliyebatizwa misheni. Ukoo wa Benedikto na ukoo wa Chausiku ni watani. Kwetu utani si mzaha wa kupitisha wakati. Mtani ndiye anayekuosha ukifa na kukuchimbia kaburi, na kwa sababu hiyo ana ruhusa ya kukutukana ukiwa hai, na hasa wakati wa msiba. Watu wamekaa na huzuni yao, mtani anaingia, anamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, anamwita mrithi mwizi, anasema wafiwa wameficha nyama. Ukikasirika umeharibu. Unachotakiwa ni kucheka na kumrudishia, tena makali zaidi. Na matanga ya jumbe wa Kidunde yalikuwa bado hayajaondolewa.

Kwa hiyo Chausiku alipomwona Benedikto uani kwake alikwisha kujiandaa. Benedikto akamwita mke wangu, kama walivyozoea, akamwuliza amekuja kuposwa au kuuza vyungu vilivyooza. Chausiku akamjibu kwamba kwa meno yale yaliyobaki hawezi hata kumla kuku wa mahari. Wakacheka. Kisha Benedikto akaweka ukili chini.

"Nimesikia mnataka kumpa Pazi kigoda," alisema. "Msimpe. Kiangazi kilichopita jumbe wa hapa aliugua, akashikiwa nafasi yake na Pazi. Mzungu wa pamba aliomba watu kumi. Pazi alitoa kumi na wanne."

Chausiku akacheka, akamwuliza kama katika hao kumi na wanne hakukuwa na nafasi ya mzee mmoja mvivu.

"Mimi aliniacha," Benedikto alisema. "Alimchukua mwanangu."

Akacheka tena. Hakujua kama Benedikto ana mwana au hana. Watani huzua watoto, huzua wake, huzua vifo. Akachota majivu mekoni akamrushia, kama inavyopasa. Benedikto hakuyafuta. Alimfuata mpaka njiani na majivu usoni, akashika ukingo wa tenga, akamwambia, "Chausiku, leo sitanii." Na hilo ndilo neno ambalo kila mtani husema anapofika kwenye utani wake mkubwa kuliko wote. Kumwita kwa jina lake, kuacha kumwita mke wangu, kusimama na uso mkavu wenye majivu: Chausiku aliona kwamba hajawahi kutaniwa kwa ustadi kama ule. Aliteremka kutoka Lukombe akiwa anajifuta machozi ya kicheko. Njiani alipanga jinsi atakavyowasimulia wenzake.

Aliwasimulia kweli. Akina mama wa ukoo walijifungia, wakasikiliza habari za Ahmadi, wakasikitika. Wakasikiliza za Pazi, wakafurahi. Alipofika kwa Benedikto na majivu yake, bibi yangu alisema, walicheka mpaka wanaume nje wakagonga mlango kuuliza kuna nini. Katika wanawake tisa waliokuwa mle ndani hakuna hata mmoja aliyesema hebu tumtume mtu akaulize kama yule mzee ana mwana. Wakamchagua Pazi.

Akida alipopelekewa jina hilo alitabasamu, akasema Kidunde wamechagua vizuri. Tungekuwa na akili, tabasamu lile peke yake lingetutosha.

Miaka miwili ya kwanza haikuwa mibaya, na hilo lazima lisemwe. Pazi alitembelea wagonjwa. Alimsalimu Chausiku kila asubuhi na kumwita mama mdogo mbele za watu. Watu waliotajwa kwenda pamba na barabara walikuwa wengi kidogo kuliko zamani, lakini walikuwa wageni waliohamia, au watoto wa wajane, au mtu asiye na kaka. Nyumba kubwa za ukoo hazikuguswa, na kwa kuwa hazikuguswa hazikuona. Bibi yangu alikiri hilo kwangu akiwa mzee sana. Alisema, "Tulikuwa tunasikia vilio, tunasema ni vya bondeni."

Kisha vikaja vita vya Mjerumani na Mwingereza. Mwaka wa kumi na sita, wakati mahindi yako darini, Wajerumani walikuwa wakirudi nyuma kupitia milima yetu, na kila bunduki yao ilihitaji mgongo wa mtu wa kubeba risasi zake. Wageni na watoto wa wajane walikuwa wamekwisha. Akida akaagiza wapagazi kumi na watano kutoka Kidunde. Pazi aliahidi ishirini.

Walikuja asubuhi, Pazi, karani wa akida na daftari lake, na askari watatu wenye kamba. Nyumba ya kwanza waliyosimama ni ya Chausiku. Abasi, sasa mwenye miaka kumi na minane, alikuwa ametoka nje kunawa uso. Askari walimfunga kamba shingoni kabla hajaushusha mkono. Wanawake wa ukoo wakatoka majumbani wakasimama mbalimbali uani. Wanaume hawakuonekana, kila mmoja alikuwa amejichimbia mahali.

"Shikamoo, mama mdogo," Pazi alisema.

Chausiku hakuitikia.

Pazi alimweleza kwa upole. Hakuwa na hasira na mtu, hajawahi kuwa nayo. Alisema kwamba ameanza na Abasi kwa sababu Abasi ni wa kwao. Akianza na mtoto wa mtu mwingine, watu watasema anapendelea nyumba yake. Akianza na mtoto wa mama yake mdogo, hakuna atakayenung'unika.

"Kigoda nilikupa mimi," Chausiku alisema.

"Ndiyo, mama mdogo. Ndiyo maana najua utanielewa." Akamwonyesha karani. "Kama huwezi, nitajie mwingine. Mmoja tu, popote alipo. Huyu atamfuta Abasi sasa hivi."

Karani akachovya kalamu yake. Chausiku akawatazama wanawake waliosimama pale. Alijua kila nyumba, maana alikuwa ameziuzia zote vyungu na kuzijua hadi uvunguni. Alijua nani yuko shambani ndani ya shimo la viazi. Alijua kwamba baba yangu, Mosi, alikuwa amelala juu ya mahindi kwenye dari la bibi yangu, kwa sababu jioni ya jana yake alimwona Mwaisha akipandisha maji huko juu. Macho yake yalifika kwa bibi yangu yakasimama. Bibi yangu aliniambia kwamba wakati ule hakuomba, hakutikisa kichwa, hakufanya lolote, aliangalia chini. Alimwonea aibu mwenzake, na alimwogopa, na chini ya yote hayo alikuwa anamwambia kimoyomoyo usimtaje. Wanawake wale wote walikuwa wanamwangalia Chausiku kama yeye alivyowahi kwenda kuwaangalia wapwa wawili, wakitaka kujua ni mtu wa namna gani.

Abasi naye alikuwa anamwangalia.

"Mchukueni," Chausiku alisema.

Wakamvuta. Waliposhuka kwenye migomba Abasi hakugeuza kichwa, na sijui kama ni kwa hasira au ni kwa sababu ya kamba. Ndiyo maana baba yangu aliishi, akaoa, akanizaa. Nimeambiwa nishukuru, na nimeshukuru, lakini hainitulizi.

Waliochukuliwa siku ile walikuwa ishirini. Katika ishirini hao walirudi wanne, nao walitenganishwa na Abasi mapema, hawakuwa na habari zake. Wajerumani walikwenda zao, akida alipanda punda akatoweka, na Pazi alikutwa amekufa kisimani bila mtu kuuliza alianguka vipi. Ahmadi hakuja tena Kidunde. Ukoo ukamwambia Chausiku akubali kuweka matanga ya mwanawe ili roho yake ipumzike. Akakataa. Alisema hawezi kumlilia mtu kwa habari za kusikia.

Akarudi kwenye tenga lake. Kwa miaka miwili alitembea Mkuyuni, Kinole, Matombo, mjini, hadi Kisaki alikokuwa hajawahi kufika, akiwatafuta waliowahi kubeba mizigo ya Mjerumani. Aliwapata wengi. Mmoja alisema Abasi amevuka Rufiji mzima, yuko kwa Wangoni, ameoa. Mwingine alisema alimwona Lindi akiwa mpishi wa Waingereza, amenenepa. Mwingine alisema alikufa usingizini bila maumivu, akazikwa kwa sala. Wote walikuwa watu wema. Chausiku aliwasikiliza, akawauliza Abasi alikuwa na alama gani mkononi, wakataja alama ambayo haikuwapo, akajitwika akaondoka. Alipita Lukombe pia, kwa Benedikto. Mzee alimkaribisha, akamletea maji, wakakaa mpaka jua likageuka, na hawakutaniana.

Sokoni Mkuyuni alimkuta mtu aliyeitwa Lukasi. Alikuwa kijana wa kutokea upande wa Turiani, amepoteza vidole vitatu vya mguu wa kulia, anauza ndizi mbivu juu ya jani. Chausiku alipomtajia jina la Abasi, Lukasi mwenyewe ndiye aliyetangulia kutaja kovu la moto kwenye kiganja, alilolipata Abasi utotoni kwa kushika chungu kilichotoka motoni. Chausiku akateremsha tenga, akakaa chini mbele yake.

"Usinifurahishe," alimwambia. "Watu wengi wamenifurahisha. Niambie ulichokiona."

Lukasi akamwambia. Mzigo ulikuwa masanduku ya risasi. Siku ya nne, kabla ya kufika Kisaki, Abasi alikaa chini njiani. Askari wakampiga akasimama, akaenda kidogo, akakaa tena. Safari hii hawakumpiga. Walikata kamba ya mzigo wake, wakaupandisha juu ya mzigo wa Lukasi. Njia ilikuwa nyembamba, upande mmoja jabali na upande mwingine korongo, na Abasi alikuwa amelala katikati.

"Nilimruka," Lukasi alisema. "Na walionifuata walimruka."

"Alikuwa hai?"

"Alikuwa hai."

Chausiku alishika ukingo wa tenga kwa mikono miwili. Watu walikuja kununua ndizi, Lukasi akawapungia mkono waende. Alipoona mama yule hasemi wala halii, akaongeza kwa sauti ndogo.

"Alikuita. Alisema mama, mama, mpaka nilipopinda njia."

"Hapo sasa unanifurahisha," Chausiku alisema.

Lukasi alitazama ndizi zake. Kisha akaitikia kwa kichwa.

"Ndiyo," alisema. "Hakusema kitu."

Chausiku akamshukuru kwa jina lake. Akarudi Kidunde siku ileile, akawaambia akina mama wa ukoo watwange unga, matanga ya Abasi sasa yanaweza kuwekwa.